Bega la Mwendesha Baiskeli: Kidonda Kikifunga, Kazi Ndiyo Kwanza Yaanza

Ukisimama Kibarani asubuhi na mapema, kando ya barabara iingiayo kisiwani Mombasa kupitia Makupa, utawaona waendesha baiskeli wakipita mmoja mmoja kati ya malori ya makontena, matatu na tuktuk. Yuko wa mikate, yuko wa maziwa, yuko fundi na sanduku lake la vyombo, na yuko kibarua anayeokoa nauli. Wote hawa huringia miguu yao. Mabega hawayataji kabisa, mpaka siku ile mtu anapoanguka.

Leo nataka tuzungumze juu ya bega lililofanyiwa upasuaji, na hasa juu ya miezi inayofuata. Wagonjwa wa aina hii huniuliza swali moja: "Daktari, nyuzi zimetolewa, kidonda kimefunga, mbona nakatazwa kurudi kazini?" Jibu lake ni fupi. Ngozi hupona kwa wiki mbili hivi, lakini kilichoshonwa chini ya ngozi huhitaji miezi. Mwenye kuyachanganya mambo haya mawili huweza kuupoteza mkono ambao daktari wa upasuaji alikwisha kuuokoa.

BEGA LILIVYOUMBWA

Hakuna kiungo mwilini chenye mwendo mpana kama bega. Linganisha na nyonga. Mfupa wa paja umezama ndani ya nyonga kama mchi ndani ya kinu, kwa hiyo ni imara. Bega si hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo kama chungwa, na mahali kinapokaa ni padogo na bapa kama kisahani cha kikombe cha kahawa. Chungwa hilo halianguki kwa sababu limeshikwa na mfuko wa kiungo, kano, na misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega na kukizunguka kichwa cha mfupa. Misuli hiyo minne ndiyo inayokuwezesha kuinua mkono na kuuzungusha. Kwa mbele, mfupa wa mtulinga umelala kati ya kifua na bega kama boriti, ukilizuia bega lisiporomoke kuelekea kifuani.

Kwa hiyo uhuru wa bega umenunuliwa kwa udhaifu wake. Mtu anapotupwa na baiskeli, kwa kawaida hunyoosha mkono ajizuie, au huangukia bega lenyewe. Uzito wote wa mwili, pamoja na kasi aliyokuwa nayo, hupita mahali hapo. Mtulinga huvunjika, na hili ndilo jeraha maarufu zaidi la waendesha baiskeli duniani kote. Au mtulinga huachana na kombe la bega. Au kichwa cha mfupa wa mkono huteguka na kutoka mahali pake. Au zile kano za misuli minne huchanika na kubanduka kutoka kwenye mfupa.

Jeraha hili la mwisho ni la hila. Picha ya eksirei huonyesha mifupa mizima, na mgonjwa huambiwa ni maumivu tu, yatapita. Lakini wiki zinapita, na mkono hauinuki. Mtu aliyepita umri wa miaka 40 ambaye bega lake liliteguka, likarudishwa, kisha akashindwa kuinua mkono, yafaa achunguzwe kano zake mapema.

UKIANGUKA, AU UKIMWONA ALIYEANGUKA

Usivute mkono. Wako watu wenye nia njema ambao humlaza majeruhi, wakatia kisigino kwapani na kuvuta. Njia hiyo ni ya kale sana, imeelezwa tangu enzi za Hippocrates wa Ugiriki, lakini inaweza kuvunja mfupa uliokuwa na ufa au kuumiza mishipa ya fahamu na ya damu ipitayo kwapani. Chukua leso, ikunje pembetatu, uutegemeze mkono kifuani kama ulivyo, kisha mpeleke hospitali. Barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa yaweza kuwekwa kwa dakika 15 hadi 20 kupunguza uvimbe.

Jambo moja unaweza kulipima wewe mwenyewe. Gusa ngozi ya juu ya mkono kwa upande wa nje, pale askari anaposhona alama za cheo chake. Kama pana ganzi, au vidole havichezi, au mkono umekuwa baridi na kubadilika rangi, mwambie daktari mara tu ufikapo. Hizo ni dalili za kuumia kwa mshipa wa fahamu au wa damu.

Si kila bega lililoumia hupasuliwa. Mitulinga mingi iliyovunjika huunga yenyewe kwa kutegemezwa tu. Upasuaji hufikiriwa ncha za mfupa zikiwa zimeachana mno, mfupa ukiwa umetoboa au unatishia kutoboa ngozi, kano zikiwa zimebanduka, au bega likiwa linateguka mara kwa mara. Daktari wa mifupa hufunga kipande cha chuma na skrubu, au hushona kano na kuirudisha kwenye mfupa wake.

KALENDA YA BEGA

Tuseme mchuuzi mmoja wa mikate, mkazi wa Kibarani, mwenye umri wa miaka 45, aliangushwa na shimo la barabara, kano mbili zikachanika, naye akashonwa. Hebu tumfuate miezi yake. Hesabu ninazotoa hapa ni za jumla. Daktari aliyekupasua ndiye ajuaye alichokiona ndani, na neno lake ndilo la mwisho.

Wiki ya kwanza hadi ya sita. Huu ni wakati wa kulinda. Mkono hukaa ndani ya kitambaa cha kuutegemeza usiku na mchana, kwa muda wa wiki nne hadi sita. Kano iliyoshonwa inashikiliwa na uzi tu, nayo haijaota kwenye mfupa. Mgonjwa haruhusiwi kuinua mkono kwa nguvu zake mwenyewe, wala kubeba hata kikombe cha chai mbali na mwili. Lakini kulinda si kukaa kama gogo. Vidole, kiganja na kiwiko huchezeshwa mara kadhaa kwa siku tangu mwanzo, isipokuwa umekatazwa, ili damu itembee na viungo visikakamae.

Usiku ndio mgumu. Anayelala chali huhisi bega likimvuta. Lala ukiwa umeegemea mito, nusu kukaa, na uweke mto mdogo au leso iliyokunjwa chini ya kiwiko. Na kwa sisi wa Pwani, joto ni adui mwingine. Kwapa lililobanwa mchana kutwa hutoka jasho na ngozi hubabuka. Kila siku, inama kidogo ili mkono uning'inie bila kuuinua, msaidizi asafishe kwapa na kulikausha vizuri. Kitambaa nacho kifuliwe, na ni vyema kuwa na viwili.

Daktari akisharuhusu, huanza zoezi la kuning'iniza mkono. Inama, shikilia meza kwa mkono mzima, uuache mkono mgonjwa uning'inie kama ndoo kwenye kamba ya kisima, kisha yumbisha mwili ili mkono uzunguke duara ndogo. Bega lenyewe halifanyi kazi, linabembezwa tu. Zoezi hili bado laitwa kwa jina la daktari wa Boston, Marekani, Ernest Amory Codman, ambaye mwaka 1934 alichapisha kitabu kizima juu ya bega.

Wiki ya sita hadi ya kumi na mbili. Kitambaa huvuliwa. Sasa mkono huanza kuinuka, kwanza kwa kusaidiwa na mwenzake. Shika fimbo kwa mikono miwili, mkono mzima uusukume mgonjwa. Simama mbele ya ukuta na upandishe vidole polepole kama mjusi. Weka alama ya chaki pale ulipofika leo, na kesho ujaribu kupita kidogo. Rudisha mabega nyuma kana kwamba unataka kubana kalamu kati ya makombe mawili. Dakika 10 mara tatu kwa siku zina faida kuliko saa nzima mara moja kwa wiki. Bandu bandu huisha gogo.

Mwezi wa tatu hadi wa sita. Hapa ndipo nguvu hujengwa, kwa mpira wa kuvuta au kwa uzito mdogo unaoongezwa kidogo kidogo. Kwa bega lililoshonwa kano, maendeleo huendelea hata hadi mwaka mzima. Mtulinga uliofungwa chuma huwa na kalenda fupi zaidi, kwani mfupa wa mtu mzima kwa kawaida huunga ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili. Mvutaji wa sigara na mwenye kisukari kisichotunzwa hupona polepole kuliko wengine, na mwenye kisukari yumo zaidi katika hatari ya bega kukakamaa. Kama unataka kulisaidia bega lako, acha sigara na upime sukari.

WIKI YA HATARI

Sasa nisikilize vizuri, msomaji, kwa maana hapa ndipo wengi hupotea. Turudi kwa mchuuzi wetu wa mikate. Amefika wiki ya nane. Usiku analala. Kovu limekauka. Mkono unafika usawa wa uso. Nyumbani kuna deni la duka na karo ya watoto, na baiskeli imeegemea ukuta ikimtazama. Anajiambia kwamba maumivu yameisha, basi amepona. Anafunga kreti la mikate kwenye keria, na mara tu anapoliinua anasikia kitu kikikatika begani.

Kutokuwepo kwa maumivu hakuna maana ya kuwepo kwa nguvu. Maumivu hupungua mapema kwa sababu uvimbe umekwisha. Kano nayo, kwa wakati huo, bado inaota kwenye mfupa, na huhitaji kama miezi mitatu kabla ya kuanza kuaminika. Kano iliyochanika mara ya pili ni ngumu kushona kuliko ya kwanza, na mara nyingine haishoneki tena. Mtu aliyetaka kuokoa wiki nne hupoteza mwaka, au hupoteza kabisa uwezo wa kuinua mzigo juu ya kichwa.

Siwezi kumwambia mtu mwenye watoto akae tu nyumbani bila kujua watakula nini. Kwa hiyo jambo hili lapaswa kupangwa kabla ya upasuaji. Keti na mke wako, au mume, na ndugu, mhesabu miezi minne au mitano bila kubeba mzigo. Nani ataiendesha baiskeli? Je, waweza kukaa dukani, kupokea fedha, kuandika hesabu? Mwajiri aombwe kazi nyepesi kwa barua ya daktari. Uliza pia juu ya bima. Mnamo Oktoba 2024 NHIF ilikoma na mahali pake pakashikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kabla ya kulazwa, ulizia hospitalini ni gharama gani zitalipwa na ni zipi utakazotoa mfukoni, na usisahau kuulizia mazoezi ya viungo. Upasuaji bila mazoezi ni kama kununua baiskeli bila minyororo.

MABINGWA NAO HUNGOJA

Pengine utasema haya ni mambo ya wazee na wanyonge. Basi tazama mabingwa. Mbelgiji Remco Evenepoel alishinda medali mbili za dhahabu katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Tarehe 3 Desemba mwaka huohuo, akiwa mazoezini kwao, aligonga mlango wa gari la posta uliofunguliwa mbele yake. Alivunjika ubavu, kombe la bega na mkono, na mtulinga wake ukateguka. Alifanyiwa upasuaji. Huyu ni kijana aliyekuwa na miaka 24, mwenye madaktari, wataalamu wa viungo na wapishi wa kumhudumia, wala hana kreti la mikate la kubeba. Hata hivyo hakurudi mashindanoni hadi tarehe 18 Aprili 2025, yaani miezi minne na nusu baadaye. Siku hiyo alishinda. Na mwezi wa Septemba 2025, mbio za ubingwa wa dunia zilipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, jijini Kigali, Rwanda, alitwaa ubingwa wa mbio za kushindana na saa.

Upande wa pili yuko Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kuanza kujifunza mbio za baiskeli hapa Kenya. Alishinda Tour de France mara nne. Mnamo Juni 2019 alijibamiza ukutani huko Ufaransa, akavunjika mfupa wa paja, kiwiko na mbavu. Majeraha yake yalikuwa mengine na makubwa zaidi. Alirudi mashindanoni baada ya miezi minane, lakini Tour de France hakushinda tena. Hakuna awezaye kusema alikosa juhudi. Mwili una kauli yake, na mgonjwa hana budi kuisikiliza. Kazi ya mgonjwa ni kufanya zoezi la leo, na kuacha la kesho hadi kesho.

KUKANDWA NA MAFUTA

Huku kwetu mtu akiumia, jirani humtajia mkandaji. Simdharau mkandaji. Kukanda shingo na mgongo kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu humpumzisha mgonjwa ambaye amelala vibaya kwa wiki nyingi. Lakini bega lililoshonwa lisikandwe wala lisivutwe katika miezi mitatu ya kwanza, ila kwa ruhusa ya daktari au mtaalamu wa viungo. Wala usipake mafuta, asali au unga wa dawa juu ya kidonda kibichi.

LINI NITAPANDA BAISKELI?

Baiskeli isiyotembea, ile ya mazoezi, mara nyingi huruhusiwa mapema, huku mkono ukiwa ungali ndani ya kitambaa, ili miguu na moyo visidhoofike. Barabara ni jambo jingine. Unapoinamia usukani, mabega hubeba sehemu ya uzito wako, na kila shimo hupiga hapo. Baada ya mtulinga kufungwa chuma, wengi huruhusiwa kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, eksirei ikionyesha mfupa umeunga. Baada ya kushonwa kano, ni miezi minne au zaidi.

Kabla ya siku hiyo, jipime mwenyewe nyumbani:

1. Je, waweza kuinua mikono yote miwili juu ya kichwa bila kuinama upande?
2. Je, waweza kusukuma ukuta kwa mikono miwili mara 15 bila maumivu?
3. Je, waweza kufinya breki kwa nguvu na kuachilia mara 20?
4. Je, waweza kushika usukani kwa mkono mgonjwa pekee huku ukionyesha ishara kwa ule mzima, na kugeuka kutazama nyuma?

Kama jibu la swali lolote ni hapana, malori ya Kibarani hayatakungoja. Na yote yakiwa ndiyo, bado muulize daktari wako. Anza kwenye njia tulivu, bila mzigo, dakika 15. Inua usukani kidogo ili usiinamie sana. Keria iwe ya mwisho kurudi kazini, na siku ya kwanza ibebe nusu.

RUDI HOSPITALI UPESI UKIONA HAYA

Homa, au kidonda kuwa chekundu, kuvimba na kutoa usaha. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Mlio wa ghafla begani ukifuatwa na udhaifu. Ganzi mpya mkononi. Kuvimba kwa mkono mzima au kwa muundi wa mguu, kifua kubana au pumzi kuwa fupi. Haya mawili ya mwisho yaweza kuwa damu iliyoganda, nayo haingoji kesho. Fahamu pia kwamba maambukizi ya bega mara nyingine hujificha. Hakuna homa wala usaha, ila bega linauma na kukakamaa miezi kadhaa baadaye bila sababu. Usinyamaze kwa kuona haya.

Msomaji wangu, daktari wa upasuaji hufanya kazi yake kwa saa chache, nawe umelala usingizi wa dawa. Kazi iliyobaki ni ya miezi, na ni yako, mbele ya ukuta wa nyumba yako na alama zako za chaki. Haina sifa wala mashabiki. Lakini mkono unaorudi kwa njia hiyo ndio utakaoshika usukani, utakaomnyanyua mtoto, na utakaofika kwenye rafu ya juu bila kuomba msaada.

Hadi wiki ijayo, nakutakia afya njema. Na ukipita Kibarani, shika usukani kwa mikono miwili.